Kasia Linapohamia Kushoto

Kwenye mashindano ya kupiga kasia huku Kanda ya Ziwa, watu wengi huenda kutazama mwisho: mitumbwi inakaribia alama ya kumalizia, ngoma zimepamba moto, mashabiki wameingia majini hadi magotini bila kujali viatu. Mimi napenda kuwahi mwanzo, timu zinapopangana, maana ugomvi mwingi huwa hapo. Mtumbwi wa mashindano ni mrefu na mwembamba. Watu hukaa wawili wawili kutoka omo hadi tezi, mmoja anapiga kulia na mwenzake kushoto, na nyuma kabisa anakaa nahodha na kasia lake pana la kuongozea. Sasa chukua vijana waliojitokeza siku hiyo, hesabu haitimii. Wa kulia wamezidi, wa kushoto hawatoshi. Nahodha anaanza kubembeleza: "Mura, hamia huku, leo tu." Na kijana ambaye amevuka Ghuba ya Mara usiku, mawimbi yakimpiga, anatikisa kichwa. Afadhali akose mbio zenyewe kuliko kukaa upande ule.

Miaka ile bia ya Balimi ilipokuwa inadhamini mashindano ya kanda nzima, Musoma ilikuwa moja ya vituo pamoja na Bukoba, Ukerewe na Kigoma, na washindi walikwenda kumalizana Mwanza. Siku hizi mashindano huandaliwa hapa na pale, Musoma Vijijini ikiwemo, mara nyingi sambamba na ngoma za asili. Wanawake wana timu zao, na kwao mambo ni yale yale. Wadhamini wanakuja na kuondoka, zawadi zinapanda na kushuka, tatizo la upande liko palepale. Kutoka ubavu mmoja wa mtumbwi hadi wa pili ni hatua moja tu. Kinachomshinda mtu mwenye nguvu zake kuivuka hatua hiyo ni nini hasa?

Mguu upi utangulie

Kuna mchezo wa majini unaoitwa weikibodi, na wachezaji wake wamelifanya swali hili kuwa somo kamili. Mtu anafungwa miguu yote miwili juu ya ubao mmoja, anasimama kiubavu, anashika mpini wa kamba yenye urefu wa mita 20 hivi, na boti ya injini inamvuta kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa au zaidi. Anacheza na wimbi linaloachwa na boti. Analipanda, analiruka, anajizungusha angani na kutua. Mchezo wenyewe bado mchanga. Mwaka 1985 Mmarekani Tony Finn aliingiza sokoni ubao wa kuvutwa na boti ulioitwa Skurfer. Mwaka 1990 Herb O'Brien akaleta Hyperlite, ubao uliokuwa rahisi kuuzamisha na kusimama nao kuliko ule wa mwanzo, na kufikia 1996 weikibodi ilikuwa imeingia kwenye mashindano ya X Games.

Ubao wa weikibodi wa siku hizi una ncha mbili zinazofanana, kwa hiyo hauna mbele wala nyuma. Mwenye mbele na nyuma ni binadamu. Kila anayeanza hujikuta ana mguu anaotaka utangulie, wengi wa kushoto, wengine wa kulia, na wala haufuati mkono anaoandikia. Akishauzoea, kila kitu hukitazama kupitia bega lile la mbele. Shida inaanza siku anapojifunza kuruka na kujizungusha nusu duara, kwa sababu anatua mguu wa nyuma ukiwa mbele. Anayetaka kuendelea hana njia ya kukwepa. Inambidi ajifunze kupanda kinyume kuanzia sifuri: akae majini, mguu asioupenda umetangulizwa, boti ipunguze mwendo, na avumilie kuonekana mgeni wa mchezo ambao jana alikuwa anawaelekeza wenzake.

Nilipokuwa nafuatilia mafunzo hayo kilichonivutia ni kwamba makocha hawahangaiki sana na mguu. Wanahangaika na nyonga. Mwili unatafuta kurudi kule ulikozoea: nyonga inafunguka kuelekea boti, kifua kinaifuata, uzito unaangukia nyuma, ubao unajikatia kona wenyewe na mtu yuko chini. Maelekezo yao ni machache. Mpini ushuke hadi karibu na nyonga ya mbele, magoti yakunjwe, macho yaende kule mtu anakokwenda na yaache kuichungulia miguu. Mguu "dhaifu" unakuta kazi yake ni nyepesi kuliko ilivyodhaniwa. Kinacholeta vurugu ni ule uzoefu wa miaka ambao haukubali kustaafu.

Lakini wa weikibodi anaweza kujificha akitaka, kwa kuwa boti inamvuta mbele tu na hakuna anayemlazimisha kugeuka. Wale wanaovutwa na tiara kubwa la upepo kule Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, hawana nafasi ya kujificha. Upepo wa kusi unavuma sambamba na ufuko ukitokea kusini. Mtu anauegemea kwa mgongo, na akielekea mwambani mguu wa kulia ndio unaotangulia. Akigeuza kurudi ufukweni ni lazima wa kushoto utangulie, hana la kufanya, labda aogelee. Ukifika msimu wa kaskazi kila kitu kinapinduka. Ndiyo maana mwanafunzi wa Paje hujifunza pande zote mbili tangu wiki ya kwanza na haoni kwamba amefanya jambo kubwa. Upepo umemkatia shauri.

Upepo wa Musoma nao hukatia watu shauri. Wengine huwabembeleza walale.

Ratiba ya ziwa

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, ila kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na maji mapana yasiyo na kina kirefu huchafuka upesi. Mji wa Musoma umejichomoza ndani yake kwenye rasi ya mawe, kwa hiyo hapa upepo si habari ya kusikia redioni. Usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, na upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani mpaka alfajiri. Jua likishapanda na kuipasha ardhi, mambo yanageuka: kuanzia mchana upepo unatoka ziwani kuja pwani.

Mzee mmoja mvuvi wa Musoma Vijijini alinichorea jambo mchangani kwa ncha ya kasia, na tangu siku hiyo siwezi kutazama mwalo bila kuliona. Mfikirie mvuvi aliye peke yake kwenye mtumbwi mdogo. Amekaa nyuma, kwa hiyo omo imenyanyuka na ni nyepesi. Upepo wa ubavuni ukija unaisukuma omo hiyo, mtumbwi unataka kugeuka kuufuata. Dawa yake ni kupiga kasia upande ule omo inakokimbilia, ili kila pigo liirudishe. Upepo ukitoka kulia, anapiga kushoto. Ukitoka kushoto, anapiga kulia.

Haya, mvuvi huyu anatoka alfajiri akifuata ufuko, nchi kavu ikiwa kushoto kwake. Upepo wa alfajiri unatoka nchi kavu, yaani kushoto, basi anapiga kulia. Anashughulika na nyavu zake hadi mchana, kisha anageuza. Sasa nchi kavu iko kulia na ziwa liko kushoto. Upepo nao umekwishageuka, unatoka ziwani, kwa maana ya kushoto tena. Anapiga kulia. Kesho hivyo hivyo, keshokutwa hivyo hivyo. Jirani yake, ambaye mitego yake iko upande wa pili wa mwalo, hutoka nchi kavu ikiwa kulia, na kwa hesabu hiyo hiyo yeye anakuwa wa kushoto maisha yake yote. Wanaume wawili wamezaliwa kaya za jirani, wamekula ugali wa muhogo wa aina moja, na kilichowagawa ni upande gani samaki wao wanapatikana.

Bila shaka ziwa halifuati mchoro kwa uaminifu kiasi hicho. Visiwa, vilima na rasi hupindisha upepo, misimu inatofautiana, na mvua ikitishia kila mtu anapiga upande wowote alimradi afike. Hata hivyo mchoro wa mzee unaeleza jambo ambalo vitabu vya michezo havilisemi: mtu habaki upande mmoja kwa sababu ya uvivu au woga. Mazingira yamempangia siku ambamo upande mmoja unatosha.

Anayejifunza wa pili ni yule ambaye siku yake imevurugika. Nyavu zimekatwa na inabidi arudi saa tatu asubuhi, upepo haujageuka, sasa unampiga kutoka kulia. Mwenye upande mmoja atafanya moja ya mambo mawili. Ataliburuza kasia majini mwisho wa kila pigo liwe usukani, na nusu ya nguvu zake zitaishia hapo. Au atasogea kukaa katikati ili omo ishuke, dawa nzuri, ingawa mtumbwi ukiwa na mzigo nafasi hiyo haipo. Mwenye pande mbili anahamisha kasia na kuendelea na hadithi aliyokuwa anamsimulia mwenzake.

Na kuna kundi la tatu, vijana wa injini. Wavuvi wa dagaa wanaotoka usiku wa giza na taa zao, kwa sehemu kubwa wameachana na kazi ya kasia, ambalo limelazwa chini ya mabenchi likisubiri injini izime. Mzee yule hakuwaonea huruma, ila alikiri jambo moja. Kijana wa injini ukimweka kushoto anajifunza haraka kuliko mpigakasia hodari wa kulia, kwa sababu hana cha kusahau.

Mkono wa juu

Mimi ni wa kulia, na mzee alipokubali kunifundisha nilikaa kushoto. Maji yalikuwa yametulia karibu na matete, jua lilikuwa halijachomoza vizuri, na jaketi okozi lilikuwa kifuani kwa amri ya mzee, amri isiyo na mjadala.

Anayepiga kulia huweka mkono wa kulia chini, karibu na bapa, na wa kushoto juu kwenye mpini. Akihamia kushoto mikono inabadilishana. Watu hudhani tatizo litakuwa mkono wa kushoto kwa kukosa nguvu ya kuvuta. Sivyo. Kuvuta ni kazi ya mgongo na kiuno, na mgongo ni mmoja. Tatizo lilikuwa mkono wangu wa kulia, ambao ulikuwa umepandishwa cheo na haukutaka. Kazi ya mkono wa juu ni kusukuma mpini mbele na chini, na zaidi ya hapo kulinda pembe ya bapa, kwa sababu kifundo cha mkono wa juu kikipinda kidogo tu bapa linaingia majini limelala. Mkono wangu wa kulia, uliozoea kuvuta tangu utotoni, uliendelea kuvuta. Bapa likawa linayachapa maji badala ya kuyashika. Maji yananirukia usoni, vidole vya chini vinagonga ukingo wa mtumbwi, na mtumbwi unayumba kwa sababu kiwiliwili kinaegemea kulia kutafuta kasia lisilokuwepo.

Mzee alinyamaza muda mrefu, kisha akaninyang'anya kasia. "Kaa tu, mwanangu." Nikakaa upande ule mikono ikiwa imeshika hewa, nikizungusha kiuno: bega la kushoto mbele, kisha nyuma, mguu wa kushoto ukisukuma taruma la mtumbwi. Yeye alikuwa anapiga polepole nyuma yangu. Baada ya muda akanipa kasia fupi la watoto, ambalo bapa lake dogo halina adhabu kubwa ukikosea. Akanikataza jambo moja tu: nikichoka nipumzike, nisirudi kulia. Mtu akirudi upande wake kila anapochoka, alieleza, mwili unajifunza kwamba kushoto ni mahali pa mateso na kulia ni mahali pa faraja, na hapo umeharibu kila kitu.

Kitu cha kwanza kukubali kilikuwa mdundo. Nilipoacha kutazama bapa na kufuata sauti ya pigo lake, mikono ilianza kuelewana bila kuelekezwa. Hili lina maelezo. Mwaka 1894 kwenye Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, Edward Scripture na wenzake walimfanyisha mtu mazoezi ya kubana kwa mkono mmoja, siku baada ya siku. Walipopima mkono wa pili, ambao haukufanya zoezi lolote, wakakuta nao umeongezeka nguvu. Tangu wakati huo wataalamu wa mwendo wa mwili wamelirudia jambo hilo kwa njia nyingi, na picha inayopatikana ni kwamba sehemu ya ufundi huishi kichwani, haiko kwenye mkono. Muda wa kuingiza bapa, mahali pa kulitolea, pumzi, mdundo, vyote hivyo vilihama nami kwenda kushoto bila kulipiwa nauli. Vilivyokataa kuhama ni vile vya kifundo cha mkono na mizani ya kiuno.

Wapigakasia wakubwa duniani hawakubaliani kuhusu kubadili upande, na napenda kwamba hawakubaliani. Mchezaji wa Olimpiki wa mtumbwi wa mtu mmoja hupiga goti na kupiga upande mmoja tangu ujana hadi anastaafu. Anaongoza kwa kupindisha kasia mwishoni mwa pigo. Wamarekani wa mbio ndefu, tangu miaka ya 1940, walichagua njia nyingine: kukaa na kubadilisha upande kila baada ya mapigo machache ili mtumbwi ujinyooshe wenyewe. Hawaii, ambako mbio za Molokaʻi Hoe zimekuwepo tangu 1952, mmoja ndani ya mtumbwi hupiga kelele na wote wanahamisha kasia kwa pamoja. Mitumbwi yetu ya mashindano haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa watu hukaa wawili wawili na kila mmoja ana ubavu wake. Kubadilisha upande kwetu ni kubadilishana kiti, na hakuna atakayesimama katikati ya mbio. Kwa hiyo kazi hiyo hufanywa mazoezini, na mazoezi ni kitu ambacho timu nyingi huanza siku chache kabla ya zawadi kutangazwa. Hayo ni maoni yangu.

Maksai wa kulia, maksai wa kushoto

Watu huenda Butiama kwa ajili ya Mwitongo, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa Oktoba 1999. Nilipita kutoa heshima, lakini nilikuwa natafuta ng'ombe. Mzee wa ziwani ndiye aliyenituma: kama nataka kuelewa habari ya upande, nikawaulize watu wa plau.

Maksai wawili hufungwa nira moja, na kila mmoja ana upande wake. Plau la kawaida hugeuza udongo kulia. Kwa hiyo wakati wa kulima, maksai wa kulia anatembea ndani ya mfereji uliokatwa mzunguko uliopita, chini kidogo, na wa kushoto anatembea juu ya ardhi ambayo haijalimwa. Wa kulia ndiye anayenyoosha mstari. Ameshajua kwamba miguu yake lazima ikae mferejini, na mlimaji mzuri huacha kumpigia kelele. Sasa mmoja akifa, au akauzwa kulipia ada au mahari, aliyebaki hawi ng'ombe wa kuunganishwa na yeyote. Mwenye maksai wa kulia anatafuta wa kushoto. Ukimweka wa kulia upande wa kushoto, anatafuta mfereji ambao haupo chini ya miguu yake, anambana mwenzake, nira inalala upande, na mtoto aliyeshika kamba mbele anavutwa kuelekea mahali ambapo hakuna aliyekusudia.

Kumgeuza kunawezekana, na watu wa Butiama na wa mashamba ya pamba kule Bunda hufanya hivyo kila inapobidi. Utaratibu wao ulinishangaza kwa jinsi unavyofanana na wa mzee wa ziwani, ingawa hawajawahi kukaa kikao. Hawamgeuzi msimu wa kulima. Wanasubiri kiangazi, ambapo hakuna haraka ya mvua. Siku za kwanza anafungwa nira tupu na kutembezwa tu. Kisha anakokota gogo, kwa kuwa gogo likienda kombo halimdhuru mtu. Plau ni la mwisho kabisa. Mwenzake katika kipindi hicho huwa maksai mzee, mpole, ambaye hata akisukumwa anaendelea na safari zake. Na mara anapoanza upande mpya harudishwi wa zamani mpaka aukubali. Wapo wanaowazoesha ndama pande zote mbili tangu wanapoanza kufundishwa, wakiwabadilisha mara kwa mara, na wenye ng'ombe kama hao hujigamba nao sana kilabuni.

Nilimuuliza mlimaji mmoja kama maksai aliyegeuzwa husahau upande wa kwanza. Akasema hasahau, ila ukimrudisha anakuwa mpole zaidi kuliko mwanzo. Sijui sayansi ingesemaje kuhusu upole wa ng'ombe. Kwa upande wangu naweza kusema kwamba baada ya kuteseka kushoto, pigo langu la kulia lilibadilika: niligundua mkono wangu wa kushoto, ule wa juu, ulikuwa umelala miaka yote hiyo, ukiushikilia tu mpini.

Waliogeuzwa kwa fimbo

Kizazi changu kina watu wengi waliozaliwa wakitumia mkono wa kushoto na kugeuzwa, kwa kofi mezani na fimbo darasani. Hadi leo wanaandika kulia na kurusha jiwe kushoto. Ukiwasikiliza wakisimulia utaelewa kwa nini neno lenyewe "kubadili upande" linawakera baadhi ya wazee. Waligeuzwa bila sababu, kwa haraka, mbele ya watu, na bila kuachiwa gogo la kukokota kwanza. Na cha kuchekesha ni kwamba hao hao ndio nahodha huwakimbilia anapokosa watu wa kushoto kwenye mtumbwi, akidhani mkono na upande ni kitu kimoja. Wapo wa mkono wa kulia wanaostarehe zaidi kushoto, kwa kuwa mkono wao hodari unakuwa juu, unakofanyika uongozi wa bapa.

Kwenye mpira tumeshazoea kusema mguu fulani ni wa kupandia daladala tu. Pale Uwanja wa Karume, Musoma, nimemwona mwalimu wa watoto akiwafunga soksi nyekundu mguu wa kushoto na kukataza goli lolote lisilotoka kwenye soksi. Watoto walikuwa wanacheka kila aliyekosa. Dakika chache baadaye walisahau kucheka, wakawa wanacheza.

Kabla hujaingia majini

Sina habari ya mtu anayefundisha weikibodi Musoma, na sitamshawishi yeyote ajifunge ubao kwenye boti ya dagaa ili ajaribu. Ghuba imejaa nyavu usizoziona kutoka juu, na kamba ikishanasa kwenye wavu boti haisimami papo hapo. Mamba na viboko wana sehemu zao, na wenyeji wa kila mwalo wanazijua, waulize kwanza. Maji yaliyotulia karibu na majani, yanayomfaa anayejifunza, ndiyo yanayopendwa na konokono wa kichocho, hivyo anayeshinda humo inampasa akapime zahanati, na dawa yake, praziquantel, ipo.

Kuhusu jaketi okozi nitakuwa mkali kidogo. Mwishoni mwa Julai 2023, huko Mchigondo wilayani Bunda, mitumbwi miwili ilizama na watu zaidi ya kumi wakafa. Hawakuwa wanamichezo. Walikuwa wasafiri wa kawaida katika ziwa lile lile tunalolizoea. Anayehamia upande asioujua anauyumbisha mtumbwi kuliko abiria yeyote, na anauyumbisha kwa makusudi.

Pendekezo langu kwa waandaaji ni dogo. Waongeze mbio moja fupi, mita mia tatu hivi, ambamo kila timu inapinduliwa: wa kulia wote wakae kushoto, wa kushoto wakae kulia. Zawadi isiwe kubwa, mbuzi mmoja anatosha. Itangazwe mapema, miezi miwili kabla, ili watu wapate wasaa wa kujiandaa, na wachezaji wa akiba waruhusiwe wengi. Mitumbwi itakwenda kwa kupinda, miwili itagongana, na watazamaji watalalamika kwamba hawakuja kuangalia wanagenzi. Mbio hizo ziwekwe asubuhi, upepo wa ziwani ukiwa bado haujafika, na boti ya uokoaji iwe na mafuta.